Furushi la Akina Mama

"Hivi, Mama Pacha, ukikibana kitu humo kwenye kompyuta mpaka kikawa kidogo namna hiyo, kile kilichopungua kinakwenda wapi?"

Aliyeuliza ni jirani yake, mshonaji wa mlango wa pili, amesimama kizingitini na utepe wa kupimia umemning'inia shingoni. Mama Pacha alivua hedifoni, akacheka.

"Hakiendi popote, dada. Hakuna kinachopungua. Wewe ukikunja gauni ukalitia kwenye mfuko, gauni limekatwa?"

"Halijakatwa. Lakini linatoka na makunyanzi."

"Basi la kwangu halitoki na makunyanzi. Sikiliza. Tuseme mtu kaandika pole, halafu pole, halafu pole, ukurasa mzima. Mimi naandika pole moja tu, pembeni naandika: irudie mpaka chini. Ukija kufungua, pole zako zote unazikuta."

"Na mtu asiyejirudia?"

"Huyo habaniki."

"Basi mume wangu umbane leo leo, atakaa kwenye kiberiti," mshonaji akasema, na wote wawili wakacheka mpaka wapita njia wakageuka.

Mama Pacha alikuwa fundi wa sauti za zamani. Kabla ya simu za mkononi, watu waliokuwa mbali walitumiana kanda badala ya barua. Mtu alikaa mbele ya redio, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akazungumza na mwanawe au mumewe kana kwamba yupo chumbani. Kanda hizo zilikuja kukauka makabatini, nyingine zikanata, nyingine ukiziweka tu redio inazitafuna. Watu walizileta kwake zimefungwa kwenye leso na mifuko ya plastiki. Naye alizifungua kwa bisibisi ndogo, akazinyoosha, akazipitisha kwenye redio aliyoitunza kama mtoto mchanga, na sauti ikaingia kwenye kompyuta.

Alikuwa mwanamke mpole na mkaidi kwa pamoja, kama wapole wengi walivyo. Kuandika programu alijifunza akiwa tayari na pacha wake mgongoni na kifuani, mmoja huku, mmoja huku. Mumewe, dobi, alizoea kuwaambia watu, "Mke wangu anaongea na kompyuta kuliko na mimi. Wala simlaumu, kompyuta inamsikiliza."

Shida yake ilikuwa nafasi. Sauti zinakula kompyuta. Akatafuta mtandaoni, akapata seti ya zana za kubana na kufungasha mafaili, inayotolewa kwa waandishi wa programu. Si programu iliyokamilika. Ni kama kupewa injini bila gari: gari unaliunda mwenyewe, kwa namna unayotaka. Kuna kubana kwingine kunakonyofoa vile visauti vidogo ambavyo sikio halivishiki, lakini yeye hakukutaka. Alisema sauti ya marehemu haipunguzwi, hata kikohozi chake ni chake. Hizi zana zilikuwa za ile aina isiyopoteza chembe. Alizisoma na kamusi ubavuni, akaunda programu yake ndogo, na kazi yake ilikuwa moja: kuchukua sauti za wateja na kuzifunga zote ndani ya furushi moja kubwa. Sauti ikishaingia kwenye furushi, ile ya nje anaifuta, nafasi inapatikana, maisha yanaendelea.

Kila mteja alikuwa na folda yake. Ndani ya folda, sauti aliipa jina kama mteja mwenyewe alivyoitaja. Aliuliza, "Huyu anayeongea ni nani?" Mteja akijibu, "Ni bibi," anaandika Bibi. "Ni baba," anaandika Baba. Na wengi wao walijibu, "Ni mama." Nani atamwita mama yake kwa jina? Akaandika Mama.

Kanda ya mshonaji ilikuwa katika hizo. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaota meno, akalelewa na mama yake mdogo, ambaye naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kanda ilitoka kwenye sanduku la huyo mama mdogo. Mshonaji hakuwahi kuisikia. Kwanza hapakuwa na redio ya kuichezea, kisha palikuwa na redio lakini pakawa na hofu. Alipoileta alisema, "Hamisha tu, Mama Pacha, uniwekee. Siku nikipata moyo nitakuja kuichukua." Ilikuwa mbovu kiasi kwamba ilipita kwenye redio safari moja, ikakatika vipande vipande. Mama Pacha akaenda kumpa pole. Mshonaji akasema, "Si imeshaingia kwako? Hivyo vipande vitupe."

Basi vikatupwa. Na duniani akabaki mtu mmoja aliyeisikia ile kanda.

Moyo ulimjia asubuhi ya kawaida tu, katikati ya kupiga pindo la suruali. Akagonga ukuta unaotenganisha vyumba vyao vya kazi, kama wagongavyo wakitaka chumvi au sindano. "Mama Pacha, nitumie mama yangu."

Mama Pacha alikuwa na mteja mbele yake. Akafungua furushi, akaona Mama, akaituma kwenye simu ya jirani yake, akaendelea na mteja. Muda si muda sauti ikapenya ukutani. Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, ya mtu anayepima kila neno: "Mwanangu, kula vizuri. Mwanangu, usiwe na haraka na dunia."

Akamsikia mshonaji akilia. Mteja akauliza, "Kuna msiba hapo jirani?" Mama Pacha alikuwa ametega sikio ukutani. Mama wa mshonaji hakuwa na sauti nzito. Alikuwa na sauti nyembamba, na alikuwa akicheka.

Mteja alipoondoka, akafunga mlango, akalitazama furushi lake vizuri kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na Baba mmoja. Kulikuwa na Bibi mmoja. Kulikuwa na Mama mmoja.

Zana hazikuwa na kosa, na hilo ndilo lililomkata maini. Alipokuwa akiunda programu, zana zilimpa nafasi ya kuchagua: faili liingie pamoja na jina la folda yake, au liingie peke yake? Akachagua peke yake, kwa sababu orodha ilipendeza macho, haikuwa na vichwa virefu virefu. Na maelezo yalisema wazi kwamba faili jipya lenye jina lilelile litachukua nafasi ya la zamani. Aliisoma sentensi hiyo. Aliona ni jambo la akili, maana mtu akisahihisha kazi yake anataka ile mpya, akafunua ukurasa. Kumbe kila mama aliyeingia alimsukuma nje aliyemtangulia, kimya kimya, bila kubisha hodi. Aliyebaki alikuwa wa mwisho kuingia, mama wa dereva mmoja wa lori, aliyemrekodia mwanawe alipokuwa mafunzoni ugenini.

Wateja wengine aliwatafuta mmoja mmoja. Mungu ni mwema, karibu wote walikuwa wamekwisha kuchukua sauti zao kwenye simu, na ambao hawakuchukua walikuwa na kanda zao bado. Programu aliirekebisha siku hiyohiyo, ikawa haifungi kitu bila folda yake. Aliyebaki na shimo ni mshonaji peke yake. Na mshonaji hakujua kwamba ana shimo.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Lugha yetu hii haimtengi mtoto wa kiume na wa kike: mwanangu ni mwanangu. Yule mama wa dereva alikuwa hakutaja jina, hakutaja lori, alisema tu mwanangu, mwanangu, na kila mwanangu moja lilimwangukia mshonaji kifuani kana kwamba lilitumwa kwake. Aliicheza akishona. Aliicheza akipiga pasi. Wateja waliokuja kupimwa aliwaambia, "Tulia umsikie mama yangu." Mchana alianza kula chakula cha maana, yeye aliyezoea kupitisha siku kwa chai, na akiulizwa anasema, "Nimeagizwa."

Kisha akamshonea Mama Pacha gauni. Lilikuwa zuri, la kitambaa cha buluu chenye maua madogo, mishono yake ya ndani imefichwa kwa mkono. "Umenirudishia mtu," alisema akimkabidhi. Mama Pacha alilipeleka nyumbani, akalitundika nyuma ya mlango, akawa kila akiingia chumbani anaona maua yale yanamtazama. Akalihamishia kabatini. Ikawa hafungui kabati.

"Mwambie," dobi alisema, akiwa amejiinamia juu ya pasi yake. Mumewe hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Nikimwambia nimemfisha mama yake mara ya pili. Ana raha, mume wangu. Hujawahi kumwona na raha kama hii."

"Raha ya mama wa mtu."

"Si anamwambia ale vizuri? Kuna ubaya gani?"

Dobi aligeuza shati. "Mbona wewe ndiye huli?"

Alijaribu kuomba. Aliinamisha kichwa asubuhi kabla ya kutoka, kama alivyofundishwa tangu mdogo, akaanza vizuri kwa kushukuru, na alipofika pale pa kusema utusamehe makosa yetu ulimi ukakwama. Ataombaje kusamehewa jambo ambalo bado analifanya? Alinyanyuka, akaenda kazini na sala imebaki nusu. Alijua fika kwamba ukuta ule mwembamba utamsomea mashtaka yake kutwa nzima: mwanangu, mwanangu.

Ningesema kilichomshinda ni dhamiri, lakini hata dhamiri inazoea. Kilichomshinda ni neno moja la mshonaji.

Walikuwa wamekaa nje, kwenye benchi lao, mshonaji anatoboa matundu ya vifungo, Mama Pacha anamshikia nguo. Mshonaji akasema, kwa utulivu kabisa, "Unajua mama mdogo alikuwa akinidanganya?"

"Kukudanganya vipi?"

"Aliniambia mama yangu alikuwa mtu wa kucheka. Eti akicheka majirani wanatoka kuangalia. Nimekua nalo hilo. Nikicheka mwenyewe nasema hiki ni cha mama. Sasa nimemsikia mwenyewe, mtu makini, hana hata chembe ya kicheko." Alikata uzi kwa meno. "Simlaumu. Mtoto yatima unamwambia chochote alale. Ila naona kama alinipa mama wa kubuni, na mimi nikamwamini maisha yangu yote."

Mama Pacha alihisi nguo inamtoka mikononi. Alikuwa amedhani mtu mmoja tu ndiye aliyefutwa. Sasa aliona yule wa kicheko anafutwa hata pale alipokuwa amesalia, kichwani mwa mwanawe. Na mama mdogo, aliyemlea mtoto wa dada yake kwa haki, anakufa mwongo kaburini.

"Dada," akasema. "Mama yako mdogo hakukudanganya."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilimsikia. Nilimsikia mama yako, dada. Huyo unayemsikiliza siye."

Mshonaji hakuelewa. Alitabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri mwisho wa utani. Mama Pacha akamwambia yote, bila kujipamba: furushi, jina, folda aliyoiacha kwa kupenda orodha nzuri, sentensi aliyoisoma akaipita. Akamwambia alijua tangu siku ile ya kwanza, sauti ilipopita ukutani, na akanyamaza. Hapo pa kunyamaza alipasema mara mbili, asije akapapita tena.

"Huyu ni mama wa nani?"

"Wa dereva mmoja wa lori."

Mshonaji aliangalia simu yake kwenye mfuko wa aproni, hakuigusa. "Nimelilia mama wa dereva wa lori," alisema. "Nimekula kwa amri ya mama wa dereva wa lori."

Mama Pacha hakuthubutu kucheka, na haikuwa wazi kama alitakiwa acheke.

"Na wangu yuko wapi?"

"Nimempoteza, dada. Hayupo kwenye kompyuta, hayupo kwenye kanda, hayupo popote. Mimi nimempoteza."

Mshonaji alikusanya vifungo vyake kimoja kimoja, akavitia kwenye kikopo. Aliinuka, akaingia ndani. Mama Pacha akasubiri mlango ufungwe. Haukufungwa. Cherehani ilianza kwenda, ikasimama, ikaanza, ikasimama, kama mtu anayeshona asichokiona.

Msamaha hakuutaja, aliona si kitu cha kuomba siku hiyo. Alienda akasimama pale mlangoni. Mshonaji alikuwa amempa mgongo, mguu juu ya pedeli.

"Unataka nini tena, Mama Pacha?"

"Niruhusu niingie nikae, nikwambie aliyoyasema na alipochekea, maana niliyemsikia ni mimi peke yangu na ninaanza kusahau."