Mkurugenzi Alivyoweka Kiti Rehani

Mama Kipaza alikuwa na sauti ya kumwamsha marehemu, lakini kuaminiwa, thubutu! Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani na gari la halmashauri, spika mbili juu ya paa, akitangaza yale wakubwa waliyoamua. Akisema kesho maji yatatoka, watu wanabeba madumu kwenda kutafuta kwingine. Akisema umeme utakatika, wanapiga pasi nguo kwa raha zao. Baba mmoja alimsimamisha kabisa kumshukuru: "Mama, unatusaidia sana. Ukishasema tu, tunajua litakuwa kinyume chake."

Yeye alicheka. Ndivyo alivyokuwa, angekuwa mtu wa kulia angeshakauka zamani. Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye kutomwamini kwake kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Huyo ni dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, muuza vitunguu pale sokoni.

Kisa ni hiki. Miaka ya nyuma wauzaji walihamishwa soko lipanuliwe, na Mama Kipaza, kwa kinywa chake mwenyewe, akatangaza kwamba kila mtu atarudi mahali pake. Wee! Waliorudi mbele ni wenye kujuana na wakubwa. Dada mtu akaambulia kona ya nyuma, juu ya mtaro, mvua ikinyesha vitunguu vinaelea. Yeye na mdogo wake hawakugombana. Waliendelea kupikiana, kuuguzana na kuwasengenya majirani kwa ushirikiano mzuri. Lakini gari la matangazo likikaribia tu, dada alifungulia redio mpaka mwisho.

Sasa mwaka huu akaja mkurugenzi mpya, akataka mtaro ujengwe upya na sakafu imwagwe zege kabla ya mvua. Fedha zilikuwepo, fundi alikuwepo. Kilichobaki ni wauzaji wa upande ule kuhamia uwanja wa mpira kwa muda, wasipohama kazi ipelekwe mji mwingine. Mama Kipaza akaingia sokoni, akakohoa kwenye kipaza sauti: "Tangazo, tangazo! Mtahama kwa wiki chache tu, kisha kila mtu atarudi..."

Hakumaliza. Redio ya dada ililia, na soko zima likaangua kicheko. "Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka!" akapaza mmoja. "Nendeni mkahame nyinyi!"

Jioni alimfuata dada yake nyumbani, akamkuta anachambua mchele.

"Dada, safari hii ni kweli. Mkikataa, mvua itawakuta palepale kwenye maji."

"Mdogo wangu, wewe nakuamini mpaka na funguo za nyumba yangu. Lile gari ndilo silijui."

"Sasa tufanyeje?"

Dada akapuliza makapi. "Jirani nisiyemwamini akija kuazima sufuria yangu kubwa, namwambia aniachie kitu chake. Tena si kandambili zilizokatika. Kitu ambacho akilala bila hicho usingizi hauji. Serikali yako ina nini cha kuniachia?"

Asubuhi Mama Kipaza alisimama mbele ya meza ya mkurugenzi, akijua kabisa kwamba huenda anaiaga kazi yake. Mkurugenzi alikuwa na mgongo mbovu na kiti kimoja kizuri: cha ngozi, chenye magurudumu, kinachozunguka na kulala. Watu walisema anakipenda kuliko mshahara.

"Bosi, wanataka rehani," akasema. "Mimi naona tuwape hicho kiti."

Mkurugenzi akakitazama kiti, akamtazama yeye. "Na mimi nikae wapi?"

"Kwenye benchi la koridoni, bosi. Wanapokaa wananchi."

Mtu mzima yule akacheka mpaka akakohoa. "Kichukueni kabla sijabadili mawazo!"

Basi, kiti kikapandishwa juu ya gari la matangazo, kikapitishwa mtaa kwa mtaa, Mama Kipaza akitangaza kwamba serikali imeweka rehani na kila mwenye macho aje aone. Walipofika sokoni, dada alizima redio. Akakizunguka kile kiti, akakibonyeza, akakikalia, akajizungusha mara moja kwa heshima zote. "Haya," akawaambia wenzake, "fungeni mizigo."

Huko uwanjani walikikalia kwa zamu, huku muuza nyanya mmoja akipenda kujifanya mkurugenzi na kutoa amri za uongo na kweli. Mkurugenzi naye akawa anafanyia kazi kwenye benchi gumu, amebanana na wanaofuatilia vibali, akisikia kwa masikio yake jinsi wanavyoambiwa "njoo kesho". Makarani walianza kuwahi kazini bila kuandikiwa barua. Na kila alfajiri mkurugenzi alikuwa sokoni, ameshika kiuno: "Fundi, nihurumie mgongo wangu!"

Hata hivyo, siku ya kurudi ikiwa imeshatangazwa, saruji ilichelewa. Mama Kipaza angeweza kunyamaza, kama ilivyokuwa desturi ya gari lile. Akaenda uwanjani, akashika kipaza: "Nilisema mtarudi Jumatatu. Jumatatu hamrudi, saruji haijafika. Nimekosea, na kiti msikirudishe!" Wakampigia makofi, jamani! Kwa kazi ile, makofi alikuwa hajawahi kuyapata.

Waliporudi, kila mmoja alikuta mahali pake palepale. Siku hiyohiyo mvua ikashuka, maji yakapita chini ya mifuniko mipya, na vitunguu vya dada vikabaki vikavu. Alivishika kimoja kimoja kama haamini.

Mkurugenzi akaja na mwavuli. Dada akamsukumia kiti chake. "Kalia, bwana mkubwa. Umeshaanza kutembea kama kaa."

"Kaeni nacho," mkurugenzi akasema. "Bado upande wa pili wa soko. Nao si watataka rehani?"

Wauzaji wote wakamgeukia dada. Yeye hakumtazama mkurugenzi. Alilitazama gari, na mdogo wake aliyekaa ndani yake.

"Kiti nenda nacho," akasema. "Huyu akitangaza, watahama. Nitawaambia mimi mwenyewe. Ila mkituangusha, tunakuja kuchukua na meza!"

Soko likacheka. Mama Kipaza akanyanyua kipaza sauti, akafungua mdomo, na sauti ile ya kumwamsha marehemu ikagoma kutoka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakujali nani anamwona.

"Tangaza basi," dada yake akamwambia. "Tunakusikiliza."