Mtafiti wa Usingizi Wetu

Siku ya kwanza kumwona mtafiti wa usingizi, alikuwa akipasha gundi ya kubandikia nyaya viganjani ili ubaridi wake usinishtue kichwani. "Lala, kaka, mashine haing'ati," alinitania. Sikuwa nimepata usingizi wa maana tangu karakana yetu ilipoungua na wenzangu wakiwa ndani. Kila mchana alinibandika nyaya kwa vidole vyepesi, akiimba chinichini. Mara moja nilizinduka nikipiga yowe, nikamkuta ameikodolea macho skrini, anapiga makofi: "Hilo hapo jinamizi! Tumelinasa!" Kisha ndipo akakumbuka kunifuta jasho. Alipobandua nyaya kwa mara ya mwisho, nilijikaza nikamuuliza, "Daktari, na mimi nitalala lini?" Akanishika bega. "Utafiti wa watu wa moto umekwisha, kaka. Sasa tunatafuta wa mafuriko."