Mama Zawadi na swali la fomu

Leo simu imemkataa Mama Zawadi, nami nikamfokea. Naona aibu.

Ni fundi cherehani wa hapa La Rochelle. Alitaka kununua sarafu za mtandaoni, nikawa namjazia fomu ya wateja wapya kwenye simu yake. Sisi wageni tumezoea: fomu unaijibu ili ipite.

Likaja swali: pesa hii yote ikipotea, maisha yako yatayumba?

"Sema hapana, mama."

"Nidanganye? Si ndiyo nauli ya kumleta binti yangu!"

Akabonyeza ndiyo mwenyewe. Akakataliwa papo hapo.

Eish, nilifoka!

Akaniuliza taratibu, "Kwani wewe mwaka jana ulijibu nini?"

Nilijibu hapana (msinicheke).

Pesa zangu zilipopotea zote, ni yeye aliyenipa kochi. Bado nalilalia.