Shangazi Hakuruka

Lori lililoshika breki muda mrefu likipita hapa mbele, harufu ya breki zilizoungua huingia mpaka sebuleni, nami hufunga dirisha. Wajukuu husema babu yao akialikwa harusi ya mbali hupata homa. Ni kweli, na kila mwaliko una homa yake.

Enzi za Mwingereza, nikiwa mtoto, mimi na shangazi tulitoka Mbwera, kisiwani kwetu, kwa mtumbwi, kisha tukapanda lori la Mhindi mwenye duka, juu ya magunia ya mpunga. Shangazi hakuwahi kupanda gari.

"Leo nabebwa kama bibi harusi," alisema, "ila meno ndiyo yametangulia."

Kwenye mteremko wa kushukia mtoni tukaisikia harufu ile, kisha lori likaanza kukimbia. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Breki hamna. Rukeni."

Watu wa nchi kavu wakaruka. Sisi wa visiwani tulijua jambo moja: chombo kikiyumba unakaa chini na kutulia, maana anayesimama huwazamisha wenzake. Shangazi akaikamata kamba ya magunia kwa mikono miwili.

"Mama, ruka," utingo alimsihi, huku amenikwida mimi.

"Kaa chini, baba. Utatupindua."

Utingo akanirusha mchangani, naye akafuata. Kabla lori halijapinduka na magunia kumfunika shangazi, nilimwona ameachia kamba mkono mmoja, ameninyoshea mimi, kama mtu anayemwokoa mtoto aliyeanguka majini.