Kitabu cha Simu na Kitabu Kilicholiwa na Mchwa

Nakumbuka siku ile simu yangu ilipotumbukia kwenye beseni la maji ya vyombo, mwanangu. Niliitoa haraka, nikaifuta kwa kanga, nikaianika juani. Haikuwaka tena. Na ndani yake ndimo kilimokuwa kitabu changu cha Baiolojia.

Wakati huo nilikuwa mama lishe hapa Kalangalala, Geita. Wateja wangu walikuwa vijana wa mashimo ya dhahabu, wanakuja na vumbi mpaka kwenye kope. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu ya mimba, lakini nilikuwa nimekataa iishie hapo. Nilikuwa nimeshafaulu mtihani wa maarifa, ule wa walioishia njiani, nikabakiza wa kidato cha nne. Nilitaka uuguzi, na bila Baiolojia mlango huo haufunguki.

Nilikuwa nasoma na shoga yangu Rehema, tukitumia kitabu kimoja cha karatasi. Mumewe alipopata kazi mgodini Mwadui, Shinyanga, wakahama, nikamwambia akichukue. Mimi nilikipata kile kile bure mtandaoni, nikakiweka kwenye simu.

Sikufichi, nilikipenda. Kilikaa kwenye mfuko wa aproni. Maharage yakichemka, nasoma. Herufi zikiwa ndogo, nazikuza. Nikitaka neno naliandika tu, linajitokeza lenyewe. Basi nikazoea hivyo: natafuta neno, nasoma mistari miwili, naridhika. Ujumbe ukiingia, nimeshaondoka kitabuni.

Simu ilipokufa mtihani ulikuwa umekaribia. Nilimwachia mdogo wangu biashara, nikapanda basi kwenda Mwadui.

Rehema alinipokea kwa furaha, akanionyesha kitabu. Kwenye nyumba waliyofikia mchwa walikuwa wamepanda ukutani mpaka kwenye rafu. Sura ya mzunguko wa damu ilikuwa imebaki pembe tupu.

"Si nilikwambia karatasi ina mambo yake?" nikasema.

"Hii imeliwa sura moja," akajibu. "Ya kwako imekwenda yote!"

Tulianza kwa utani, tukaishia kununiana. Mama mkwe wake, Mama Masanja, muuguzi mstaafu, alikuwa anachambua mchicha barazani. Alituacha tubishane, kisha akatuita.

"Wewe umetoka Geita kuja kusoma, au kuja kushindanisha simu na karatasi? Mtihani hautawauliza mlisomea wapi. Utawauliza mnajua nini."

Akaingia ndani, akatoka na simu yake.

"Itafuteni hiyo sura iliyoliwa. Halafu mzime intaneti. Simu ataishika mmoja, mwingine asikilize."

"Wabeja, mayo," nikamwambia. Asante, mama.

Tukasoma mpaka mtihani ulipofika. Hapo ndipo nilipoona kitu kilichonitia hofu. Rehema nikimuuliza jambo, anafumba macho: "Liko ukurasa wa kushoto, chini ya mchoro wa figo," kisha analieleza lote. Mimi maneno niliyajua, ila yalielea kichwani, hili halishikani na lile.

Majibu yalipotoka Rehema alifaulu. Mimi nilifeli Baiolojia.

Nililia, sikatai. Kesho yake nikawasha jiko kama kawaida, na msimu wa kujiandikisha ulipofunguliwa nikajiandikisha tena. Safari hii nilinunua kitabu cha karatasi, nikakihifadhi kwenye sanduku la bati, mbali na mchwa. Nyumbani nilisoma hicho, sura kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kalamu mkononi. Kwenye biashara na safarini nilijikumbusha kwa simu. Nilifaulu, nikaenda chuo cha uuguzi. Leo nina wajukuu, na ukija zahanati yetu utanikuta nimevaa gauni jeupe.

Mwanangu, najua mnabishana sana siku hizi, wengine wanasema karatasi imepitwa na wakati, wengine wanasema simu inaharibu akili. Usipoteze muda wako humo. Kitabu cha simu kitakufikia hata ukiwa porini, hakina uzito, na macho yakianza kuchoka kama yangu kitakukuzia herufi. Lakini kinataka chaji, kinataka uangalifu, na kimekaa nyumba moja na kila anayetaka kukuita. Cha karatasi ni kizito, kinagharimu, mvua na mchwa ni adui zake. Ila kikikaa mbele yako hakikuiti kwingine, na ulichokisoma humo utakumbuka kilikaa wapi. Soma kile ulichonacho leo. Ukipata vyote viwili, somea karatasi na ujikumbushe kwa simu. Na ukifeli, rudi ujiandikishe. Usingoje mtu akubembeleze.

Mungu akupe macho mazima na moyo usiochoka. Kila ukurasa utakaoufungua, wa karatasi au wa kioo, ukuongezee akili na ukufikishe unakotaka kwenda. Nenda kasome, mwanangu.