Kipa Aliyeacha Mpira Upite

Uwanja niliokuwa nikiutunza Al Quoz, Dubai, ulikuwa ghala la vigae zamani, kabla ya kutandikwa nyasi bandia. Nilifagia, nikashona nyavu, nikakusanya mipira. Mwenzangu, mtu wa Mombasa tuliyekuwa tukiishi naye chumba kimoja Karama, alikaa mapokezi. Siku moja arbab, bosi wetu, akatuletea mwalimu mpya wa makipa: Mturuki wa makamo, mrefu, mashavu yamebonyea. Akatuambia huyu amelinda lango kwao miaka mingi, tena ligi kubwa.

Hatukuamini. Dubai kila mtu alikuwa mkubwa kwao. Dereva wa basi letu alidai alikuwa wakili, mpishi alidai aliimba redioni. Nani angekwenda huko kuuliza?

Mturuki mwenyewe hakusaidia. Hakuwa na hata picha moja ya enzi zake. Ukimuuliza timu, anakutajia mji tu. Aliwafundisha watoto wa matajiri kujirusha, lakini yeye mpira ukimjia aliusimamisha kwa mguu.

"Huyo si kipa," mwenzangu akaninong'oneza. "Wallahi, kipa hawezi kuuzuia mkono wake. Mpira ukija, mkono waenda wenyewe."

Kwa hiyo Mturuki aliponiomba nimwonyeshe kinyozi, nilimpeleka kwa makusudi mpaka Al Muraqqabat, kwa kinyozi Mturuki niliyemfahamu. Nilitaka nione kama atababaika mbele ya mtu wa kwao.

Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akainua macho kwenye kioo, mkasi ukasimama hewani. Wakasemezana maneno machache kwa Kituruki. Kisha kinyozi akamvua kile kitambaa, akakikunja taratibu.

"Leo tumefunga," akaniambia mimi, kwa Kiarabu cha kuungaunga, na huku wateja wengine wamekaa wakisubiri.

Mturuki akatoka. Nilipotaka kumfuata, kinyozi akanishika mkono. "Unamjua huyo? Alikuwa kipa wetu. Kipa hodari kweli. Halafu akatuuza."

Niliporudi na habari hiyo, mwenzangu alifunga daftari la mapokezi. "Afadhali angekuwa muongo," akasema.

Tangu hapo nilimtazama kwa jicho jingine. Akiongea na simu pembeni, nilijiuliza anaongea na nani. Stoo niliyokuwa nikiiacha wazi, nikaanza kuifunga. Hakuwa ameiba kitu.

Ijumaa moja timu yetu ya wafanyakazi ilikosa kipa, wetu alikuwa ameteguka bega. Mturuki, ambaye hatukumwomba, akasema, "Nitakaa mimi." Akajifunga plasta vidoleni, akaingia langoni.

Sijawahi kucheza mbele ya mtu kama yule. Alijua mpira utakakokwenda kabla ya mpigaji mwenyewe. Krosi alizichuma hewani, akajitupa kwenye miguu ya washambuliaji kama hana mifupa. Tukaanza kujisahau, tukawa tunampigia kelele za furaha.

Halafu ukaja mpira mnyonge kutoka mbali, ukadunda mbele yake, ukapita chini ya kifua chake hadi wavuni.

Mwenzangu akanitazama. Nami nikamtazama. Sikuhitaji kuambiwa anawaza nini.

Nilikuwa beki. Kuanzia pale, kila niliposongwa na adui nyuma yangu nikamsikia Mturuki akiita, "Nirudishie! Nipo!", nilibutua mpira nje.

Mchezo ulipokwisha alikuja kukaa karibu yangu, akibandua plasta.

"Uliongea na kinyozi," akasema.

Sikukana.

"Kwetu nilifungwa goli kama lile. Ilikuwa siku ambayo tungeshinda tusingeshuka daraja. Tukashuka. Wakasema nimelipwa. Nikachunguzwa, hawakukuta kitu, khalas, yakaisha, nikaruhusiwa kucheza. Lakini msimu uliofuata mabeki wangu hawakunirudishia mpira tena. Hawakunitukana, hawakuninunia. Walibutua nje tu, kila nikiita. Nikachoka, nikaacha."

"Na kweli hukuuza?"

Alibandua plasta ya mwisho. "Nikujibu nini," akasema, "ndiyo uamini?"

Nilianza kukusanya mipira. Akavaa viatu, akaenda zake kupanda teksi.

Alidumu nasi hadi msimu wa joto, kisha akapata kazi mji mwingine. Mwenzangu anashikilia hadi leo kwamba mtu asiye na hatia husema "sikuuza", hazungukizunguki. Labda. Mimi nadhani mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi mno huenda likamkaukia mdomoni. Lakini ni kudhani tu.

Ijumaa zile za mwisho tulizocheza pamoja, kila alipoita nilimrudishia mpira. Na kila nilipomrudishia, niligeuka kutazama.