Sentensi Nne za Elmina

Nilipomwendea Elmina mara ya kwanza nilitaka anipunguzie bei. Yeye alitaka kunipunguzia maneno. Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, kwenye baraza ya ofisi ya Bwana D.O., ofisa Mzungu wa tarafa yetu, ambapo alikalia kreti la chai akiwaandikia watu barua za Kiingereza. Alikuwa mwalimu wa misheni upande wa Longisa, mpaka siku alipomsahihisha msimamizi mbele ya watoto. Misheni ikamfukuza. Hakuomba msamaha, wala hakuacha kusahihisha watu.

Mimi nilikuwa na notisi mfukoni. Kinu changu cha maji cha kusagia mahindi, pale Chepseon, kilikuwa kimeingiza ukuta kwenye barabara. Ijumaa kingebomolewa chote. Nilikuwa nimeshaandikiwa barua mbili na Gichana, karani wa ofisi hiyohiyo, aliyeifanya kazi hiyo pembeni. Kurasa tatu za unyenyekevu kila moja! Zote mbili zilirudi na neno moja la penseli nyekundu: Nani?

"Umezisoma hizi?" Elmina akaniuliza.

"Mimi nasoma mizani, mwalimu. Kiingereza nalipia."

"Basi umelipia ukungu. Ukuta umejengeka, mpaka umevukwa, mvua imelaumiwa. Wewe unatokea ukurasa wa tatu, ukimwombea D.O. afya njema."

"Hiyo ni adabu. Mtu haingii kwa watu akianza na shida."

"Kwetu, ndiyo. Yule anasoma amesimama, funguo za gari mkononi." Akafunika wino. "Umeona wachumaji wakipimiwa majani ya chai? Mmoja akiruka foleni, kapu lake linaandikwa kwa jina la mwingine. Kiingereza ni hivyo. Mtendaji mbele, tendo linafuata, kilichotendwa nyuma. Haya, nani alijenga ukuta?"

Nikasema fundi. Nikasema mto ulihama. Wino ukabaki umefunikwa.

"Ukuta haujijengi, Bwana Bethwel."

"Nikijitaja nimejifunga!"

"Umeshafungwa. Kwa sasa D.O. hata hajui anazungumza na nani."

Nimewahi kuuza ng'ombe kiwete nikimsifu mwendo, lakini sijawahi kubanwa namna ile. Nikasema, "Mimi."

Akaandika sentensi nne. Nilijenga ukuta. Niliingia barabarani futi sita. Nitabomoa futi hizo sita mwenyewe. Naomba kinu kilichobaki kisiguswe.

"Weka basi 'mtumishi wako mnyenyekevu'. Mara moja tu."

"Wewe ni mnyenyekevu?"

"Hapana."

"Basi tusimdanganye mtu."

Akanitoza bei ya kurasa tatu. Nilipopiga kelele akasema, "Unalipia nilichokataa kuandika."

Gichana aliisoma kwanza, akacheka. "Hii ni barua ama ni amri? Huyu mama atakufungisha, mzee." Bwana D.O. akatoka, akamnyang'anya karatasi, akaimaliza kabla hajafika kwenye gari. Akarudi, akanitazama mimi, si notisi.

"Futi sita," akasema kwa Kiswahili chake. "Na sururu unashika wewe."

Niliishika siku mbili, soko zima likinicheka. Kinu kikabaki chembamba, lakini kikasaga.

Gichana hakusamehe. Wiki iliyofuata alilipiga teke kreti la Elmina mpaka barabarani. Elmina akalibeba kichwani hadi kinuni kwangu, akaketi mlangoni, pale watu wanapongojea unga.

"Hapo pana kodi, mwalimu."

"Nani anadai?"

Nikajikuta nimeyapanga maneno foleni. "Mimi. Nadai. Kodi."

"Umejifunza vizuri. Sasa sikia yangu: Mimi. Silipi. Kodi."

Wanawake wenye magunia wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Hakulipa hata senti, miaka minne. Lakini kila mwenye notisi, hata wa kutoka Kedowa, alikuja kwake na debe la mahindi, akasagia kwangu akingoja barua. Gichana alibaki na baraza yake tupu. Mimi nilipoteza futi sita na kodi, nikapata wateja ambao sikuwahi kuwatafuta. Elmina alipata mlango ambako hakuna karani ambaye angemwondoa. Wala mimi sikuweza, maana nilijaribu mara mbili.